Shangazi Aliyezibwa Mdomo

Kabla hujaendelea, apa. Weka mkono kifuani useme hutamwambia mtu. Umeapa? Haya. Aliyenisimulia naye aliniapisha, na siri hii nimeitunza tangu jana mchana, mpaka mbavu zinauma. Mji siutaji, na kwa kutoutaja nahesabu kiapo changu kimetimia. Wewe ukitaka kumtumia mwenzio, mwapishe kwanza.

Kulikuwa na kiwanda cha maziwa kule milimani kwenye baridi, ambako mvua huaga asubuhi na mchana ikarudi kama mtu aliyesahau mwavuli. Kiwanda kilikuwa cha ushirika. Wafugaji ndio wenye mali, na mjane mwenye ng'ombe mmoja alikuwa na sauti mkutanoni sawa na mwenye zizi zima.

Fundi wa kompyuta wa kiwanda alikuwa binti wa palepale, jina lake Sekela. Wafugaji wenyewe ndio waliomsomesha. Kila nyumba ilitoa maziwa ya siku moja kila mwezi, yakauzwa, binti akaenda chuo. Aliporudi walimpokea kwa ngoma. Kwa hiyo Sekela alipokuwa kazini hakuwa mwajiriwa tu. Alikuwa mtoto wa watu wengi, na watu wengi hao walikuwa wanamtazama.

Kiwandani kulikuwa na chumba cha mitambo. Humo ndimo ilimokaa kompyuta kubwa, wenyewe wanaiita sava, na humo ndimo mtandao wa kiwanda kizima ulimofungwa fundo. Chumba kilikuwa na mlango wa umeme usiofunguka bila kadi, na wenye kadi walikuwa watatu: Sekela, meneja, na Mzee Ambokile, mlinzi, aliyeingia Jumamosi kupiga deki.

Ndani ya ile sava mlikuwa na programu ya ulinzi. Kazi yake ilikuwa moja. Ilizunguka kutwa kucha ikibisha hodi kwa kila mtambo: u mzima? Mtambo ukijibu, kitaa cha kijani. Usipojibu, kitaa chekundu, na hapohapo ujumbe unaruka, kwa laini yake yenyewe ya simu, kwenye simu ya Sekela, hata kama yuko msalani. Jina lake la dukani lilikuwa refu na la kigeni. Wafanyakazi waliiita Shangazi, kwa sababu iliona kila kitu na haikujua kunyamaza.

Walisema kwa kucheka, kama vile kusema ni aibu. Ila mwenye akili anajua, ukoo usio na shangazi wa namna hiyo huoza kimyakimya.

Sasa meneja. Aliitwa Bwana Mwasomola, mtu wa suti, mtu wa amri. Mwaka aliofika alivunja ukuta wa ofisi yake akaweka kioo, ili aone nani anafanya kazi na nani anapiga soga. Kisha akapiga marufuku birika za umeme. Alisema zinakula umeme wa wafugaji. Akapita meza hadi meza akazikusanya, akabandika tangazo kwenye kila mlango: MARUFUKU BIRIKA. Katika baridi ile, watu wakawa wanakunywa maji ya bomba yanayouma meno, na chai wakaiota ndotoni.

Amri yake ya tatu ilihusu moto. "King'ora kikilia," alisema, "kila mtu, awe na ndoo mkononi au kijiko mdomoni, akimbilie mbele ya chumba cha mitambo tuhesabiane. Na milango yote ya umeme ijifungue yenyewe, asije mtu akateketea ndani." Hiyo ilikuwa amri nzuri. Tumpe haki yake. Aliwafanyisha mazoezi mpaka wazee wakajua kukimbia, na aliyejikokota alipewa barua ya onyo.

Basi siku moja, saa nne asubuhi, wafugaji wamejipanga na madumu yao, mtandao ukakatika. Mizani ya kupokelea maziwa ikawa giza. Bila mizani, maziwa hayapokelewi.

Siku hiyo Shangazi alipiga kelele kama kawaida yake. Sekela alitoka mbio kutoka banda la mizani, akawakuta meneja na Mzee Ambokile wamesimama mlangoni mwa chumba cha mitambo, nao wakiuliza kulikoni. Akaingia. Kila kitu kizima. Vitaa vya kijani tupu.

"Labda ni umeme wa mtaani," alisema meneja.

"Labda," alisema Sekela.

Kesho yake, saa nne, mtandao ukakatika tena. Safari hii Shangazi hakusema kitu. Keshokutwa vivyo hivyo. Ikawa desturi: saa nne ikifika, mizani inakufa, maziwa yanasimama juani, na Shangazi anameremeta kijani kama bibi harusi. Sekela akifika chumbani, mambo yamekwisha kurudi.

Siku ya Jumatatu dumu la Mama Tumpe lilichacha pale pale kwenye foleni. Mama Tumpe ndiye mjane mwenye ng'ombe mmoja. Alilifungua, akanusa, akalimwaga mtaroni mbele ya watu.

"Sekela," alisema, "hiyo programu yako inasemaje?"

"Inasema kila kitu kizima, mama."

"Basi na ije inywe haya maziwa mazima."

Watu wakacheka. Sekela alicheka nao, lakini usiku ule hakula.

Alitafuta tatizo kama mtu anavyotafuta sindano kwenye majani ya ng'ombe. Alibadilisha nyaya. Alibadilisha kile kisanduku kidogo chenye vitaa kinachogawa mtandao, maana alikikuta kila mara kama kimetoka usingizini. Aliifuta programu akaipandikiza upya, na mipangilio yake ileile. Saa nne ilipofika, mtandao ukakatika kama vile hakufanya lolote.

Akawapigia wauzaji wa programu, huko mjini.

"Dada, umezima ukawasha?"

"Nimezima, nimewasha, nimezima tena, nimewasha tena."

"Na sasa inasemaje?"

"Inasema niko salama."

"Basi uko salama, dada."

Akaamua kukaa mle chumbani mwenyewe. Alichukua kiti, akaketi akikitazama kile kisanduku bila kupepesa. Saa nne ikaja, ikapita. Mtandao haukutikisika. Wafugaji wakapokelewa maziwa mpaka dumu la mwisho. Siku ya pili akakaa tena, mambo shwari. Siku ya tatu aliitwa kwenye mizani, akatoka. Saa nne, giza.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Umbeya ukienda kwa haki ni dawa, ukienda bila haki ni sumu, na huu ulikuwa sumu. Wakasema binti anakata mtandao mwenyewe ili aonekane wa maana. Wakasema mbona akikaa ndani haukatiki. Wakasema tulisomesha mtoto, kumbe tulisomesha kisirani. Mama yake Sekela alikwenda kisimani, wenzake wakanyamaza alipofika.

Meneja akaitisha wafanyakazi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti.

"Kiwanda hiki kina tatizo," alisema. "Tatizo hilo lina miguu miwili na lina kadi ya chumba cha mitambo. Kesho Ijumaa saa nne nataka wafugaji wote, na mwenyekiti wao. Tatizo litatolewa hadharani, mchana kweupe, kila mtu alione."

Alipomaliza hakumtazama Sekela. Wengine wote walimtazama.

Jioni ile Sekela alimkuta Mzee Ambokile getini anavaa kofia ya sufu.

"Shikamoo baba. Nikuulize neno. Wewe huingia chumba kile siku gani?"

"Marahaba. Jumamosi tu. Kwa nini, umenitia kwenye orodha ya wachawi?"

"Hapana, baba. Nauliza tu."

"Na mimi nikuulize. Mbona siku hizi sakafu ya mle ina makombo? Kama unakula mle, mwanangu, kula, lakini pangusa. Nitaletewa panya niambiwe nimewaajiri mimi."

Sekela hakuwahi kula hata karanga mle ndani. Alirudi, akafungua mlango, akasimama katikati akavuta pumzi. Chumba cha mitambo hunuka vumbi la moto na plastiki. Hiki kilikuwa na harufu nyingine nyuma yake, nyembamba, tamu, inayowasha pua kidogo. Harufu ya jikoni kwa mama yake asubuhi ya baridi.

Akaketi sakafuni akawaza. Nikikaa humu, ugonjwa hauji. Nikitoka, unakuja. Ugonjwa unaomwogopa daktari si ugonjwa, ni mtu. Na mtu huyo ana macho, anaona lini mimi nimeingia na lini nimetoka.

Akaamua kumjaribu Shangazi. Akachomoa waya wa kile kisanduku. Papo hapo simu yake ikalia mfukoni: mtandao umekatika. Akaurudisha. Kumbe Shangazi ni mzima wa afya, sauti anayo. Kwa nini basi saa nne ananyamaza?

Akafungua mipangilio ya programu, akapita ukurasa baada ya ukurasa, mpaka akafika pale ambapo fundi humwambia Shangazi, leo saa fulani tunatengeneza, utakachokiona usikiseme. Palikuwa pamejazwa. Kila siku ya kazi, saa nne asubuhi, matengenezo. Na Sekela hakuwa amepajaza yeye.

Shangazi hakuwa amelala. Alikuwa amezibwa mdomo. Kila siku aliona kila kitu kwa macho yake, akakimeza.

Waliokuwa na uwezo wa kumwambia Shangazi anyamaze, naye akatii, Sekela aliwahesabu kwa vidole, na vidole vya mkono mmoja vikabaki. Angeweza kutoka mbio akipiga yowe. Lakini alikuwa mtoto wa kuonyeshwa kidole tayari. Angesema fulani, na fulani angesema Sekela, na mwenye sauti nzito angeaminiwa. Akaweka ulimi ndani ya meno. Alimwondolea Shangazi kitambaa mdomoni, taratibu, asijue mtu. Kisha akachukua waya wa king'ora cha moto, akaufunga moja kwa moja kwenye ile sava anamokaa Shangazi. Ikiwa mtandao utakatika kesho saa nne, Shangazi asitume ujumbe kwa Sekela tu, autume na kwa meneja. Apige kelele ya ukoo mzima.

Giza lilipoingia alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti wa ushirika, Mzee Asegelile, mtu wa maneno machache na fimbo ndefu.

"Baba," alisema, "naomba ruhusa kesho king'ora kilie. Na kikilia, usikimbie kama mzee. Kimbia uwe wa kwanza."

"Kuna moto?"

"Moto hakuna. Mvuke upo."

Mzee aliegemea fimbo yake. "Ukinidanganya, Sekela, ni maziwa yetu yaliyokusomesha uongo."

"Ndiyo, baba."

"Ruhusa unayo."

Ijumaa Sekela alivaa kitenge chekundu, kile cha kuonekana kutoka ng'ambo ya bonde. Hakwenda karibu na chumba cha mitambo. Alipita polepole mbele ya ofisi ya kioo, akasalimia, akaenda ukumbini akaketi benchi la mbele kabisa, peke yake, kama mshitakiwa. Ukumbi ulijaa. Madumu ya maziwa yaliachwa nje kwenye foleni ya mizani, yakiwawakilisha wenyewe.

Meneja aliingia na karatasi zake. Akaona wafugaji wote wapo, Mzee Ambokile yupo mlangoni, Sekela yupo mbele na wekundu wake. Akatabasamu.

"Wazee wangu, mama zangu," alisema, "nipeni nafasi kidogo nipitie maneno yangu. Shughuli ya leo ni nzito, koo limekauka." Akatoka.

Mama Tumpe alisogea akaketi nyuma ya Sekela, akamnong'oneza shingoni. "Mwanangu, akirudi omba msamaha. Na ulie kidogo. Watu wana huruma na machozi."

"Nitalia, mama. Nasubiri nipate sababu."

"Sababu si ndiyo hii? Wanakufukuza."

"Subiri, mama."

Mtu akakohoa. Nje, mizani iliyokuwa inawaka ikazima.

King'ora kikalia.

Hakuna aliyeuliza. Mazoezi yalikuwa yamewaingia mifupani. Benchi zilipinduka, vitenge vikapandishwa magotini, wazee wakaruka mtaro ambao juzi waliuzunguka. Mzee Asegelile alitangulia mbele na fimbo yake imeshikwa kama mkuki, na kufumba na kufumbua kiwanda kizima kilikuwa kimejipanga mistari mbele ya chumba cha mitambo, tayari kuhesabiwa, kama alivyoamuru Bwana Mwasomola.

Mbele yao palikuwa na mlango, na juu ya mlango lile tangazo: MARUFUKU BIRIKA. Kitaa cha kufuli kilikuwa chekundu. Kikageuka kijani. Mlango ukajifungua wenyewe, taratibu, kama muungwana anayekaribisha wageni.

Ndani, juu ya kreti la maziwa lililopinduliwa, ameketi meneja.

Koti lake alikuwa amelitundika kwenye sava kama kwenye msumari wa chumbani kwake. Mkono mmoja una kikombe. Mdomoni mna nusu ya kitumbua, na nusu nyingine imo mkononi inasubiri zamu. Pembeni yake birika la umeme linatoa mvuke, limechomekwa ukutani. Na chini, karibu na kiatu chake, kile kisanduku kidogo cha mtandao kimezima vitaa, waya wake umechomolewa umelala sakafuni, kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa. Siku ya kwanza alikiona kidogo, akadhani kazi yake pia ni ndogo; alipojua ni kubwa, hakuiacha chai, akamziba Shangazi mdomo. Ofisini kwake hakuweza kunywea, maana kule kuna kioo, na kioo kinachomwonyesha wengine kinawaonyesha wengine yeye. Ila kupitia kioo hichohicho alimwona Sekela kila alipoingia na kutoka.

King'ora kikanyamaza. Alitafuna. Ilimbidi ameze kwanza ndipo aseme.

"Ninakagua mitambo," alisema.

"Kagua, baba," alisema Mzee Ambokile. "Kitumbua ni cha mtambo upi?"

Mama Tumpe alipita katikati ya watu. Alimchukulia meneja kikombe mkononi kwa adabu zote, kama mwenyeji anayetaka kumwongezea mgeni, akanusa.

"Tangawizi," aliwaambia watu. "Na maziwa. Mabichi, hayajachacha." Akamtazama meneja. "Ya kwangu yalinywewa na mtaro Jumatatu ile. Haya ni ya nani?"

Meneja alifungua mdomo. Kabla hajasema, simu yake ikalia ndani ya koti, pale lilipotundikwa. Mzee Asegelile alilifikia kwa ncha ya fimbo, akaitoa simu, akaishika mbali na macho kama wazee wanavyosoma, akasoma kwa sauti:

"Mtandao umekatika. Chumba cha mitambo. Tafadhali fika haraka." Akaikunja midomo. "Tumefika, Shangazi."

Watu walianza kucheka kutoka mistari ya nyuma, kicheko kikaja mbele kama maji ya mvua. Sekela hakucheka. Alipita, akainama kwenye miguu ya meneja, akachomoa birika, akachomeka kisanduku. Vitaa vikaamka kimoja kimoja. Kule bandani mizani ikalia mlio wake wa kuanza kazi, na Mama Tumpe, kikombe bado mkononi, akapiga kigelegele ambacho nasikia ng'ombe wake alikijibu kutoka zizini.

Ndipo Sekela alipolia. Sababu alikuwa ameshaipata.

Meneja alinyanyuka, akaanza kupangusa makombo kwenye tai.

"Bwana Mwasomola," alisema mwenyekiti, "ulituita leo saa nne tuone tatizo la kiwanda likitolewa hadharani, mchana kweupe. Sisi ni watu wa kutii, tumejipanga kama ulivyotufundisha." Akasogea kando, akaacha njia katikati ya watu wote. "Haya. Chukua koti lako, utoke."

Funzo: Anayekuletea habari mbaya usimzibe mdomo, maana habari haifi kwa kufichwa, hukaa ikikungoja, na siku itakapotoka itakukuta kikombe mkononi.